Picha niliyoituma Kariakoo

Saa tano usiku, Mwanga, hapa Kigoma. Mlango wa steshenari nimeurudishia nusu ili mbu wasiingie wote na mimi nisikose hewa. Nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, macho kwenye kioo. Naisakinishia kompyuta mfumo mpya, na mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi umesogea hadi asilimia 62. Feni inavuma. Bodaboda wa mwisho anapita kuelekea Ujiji.

62.

Nikatoka nje kunawa uso. Nikarudi.

62.

Nikatikisa mausi. Kishale hakikusogea. Ndipo nikatazama saa ya kwenye kona ya kioo: 23:04. Nikatoa simu mfukoni: 23:31. Mashine ilikuwa imekata roho dakika 27 zilizopita, na mimi nimekaa pale kwenye ndoo naisubiri kama mtu anayechelewa kuambiwa kuna msiba.

Huo ulikuwa usiku wa tatu.

Imepita miezi sasa na ile kompyuta iko mezani inafanya kazi. Mwanafunzi mmoja anaitumia hivi ninavyoandika. Kwa hiyo hii si makala ya kuomba msaada. Kuna jambo jingine lililonikalia kooni tangu wakati ule, na siwezi kulieleza bila kupita kwanza kwenye hiyo asilimia 62.

## Mashine ya laki moja na tisini

Niliinunua Kariakoo kwa simu. Boksi lisilo na jina mbele, kompyuta ya kuunga, prosesa, yaani ubongo wake, ya i3 kizazi cha tatu, zile za mwaka 2012. RAM, ile kumbukumbu ya muda, GB 8, yaani vipande viwili vya GB 4. Hadi diski GB 500. Muuzaji aliniwashia kwa video, nikaona Windows ya zamani ikifunguka, nikaona akifungua mafaili mawili matatu, nikatuma hela. Ikaja kwenye buti la basi, imeviringishwa blanketi na sandarusi.

Nilikuwa na haraka. Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ukianza, steshenari yenye kompyuta moja inageuka zahanati: foleni hadi barabarani, kila mzazi na bahasha yake ya vyeti, na katikati ya foleni anatokea mtu anayetaka kutoa kopi moja tu, "sasa hivi kaka, nimeacha pikipiki inaunguruma".

Sikutaka kupiga Windows. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, kile kitengo cha usalama ndani ya mashine, na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yangu ni ya tatu. Zipo njia za mkato za kuilazimisha, lakini vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu siviweki juu ya njia ya mkato. Nikachagua Linux Mint, mfumo wa uendeshaji wa bure. Wateja wangu wanahitaji intaneti na kuprinti, basi.

Siku ilipofika, kabla ya yote, niliifungua nikaipuliza vumbi kwa bloa. Vumbi lilitoka la kutosha kupanda mchicha.

Hilo la kuipuliza lishikeni.

## Washukiwa wa mwanzo

Nianze na flashi niliyokuwa nasakinishia, kwa sababu kila fundi huanza na flashi. Niliiandika upya. Nikashusha tena faili zima kwa bando la usiku, nikalinganisha alama zake za uhakiki herufi kwa herufi. Sawasawa.

Mashine ikaganda kwenye 31.

Nikajaribu flashi nyingine, tundu jingine la USB. Ikaganda kwenye 88.

Hapo palikuwa na jambo la kusikia na sikulisikia. Faili likiwa bovu, mara nyingi usakinishaji hukwama palepale kila mara, kama gari linalozama kwenye shimo lilelile. Wangu ulikuwa unatangatanga. 62, 31, 88. Kitu kinachotangatanga hivyo hakikai kwenye flashi. Kinakaa kwenye vyuma. Lakini sikuwa naandika popote. Namba zote tatu nilikuwa nazo kichwani, pamoja na madeni na namba za simu za wateja.

Halafu umeme. Sisi wa Kigoma tuliolelewa na majenereta ya dizeli, kifaa kikikohoa tu tunatazama waya wa ukutani. Nikaazima mita kwa fundi redio jirani: volti 226, usiku na mchana. Umeme ulikuwa msafi kuliko nilivyotaka, maana ungekuwa mbovu ningepata wa kulaumu bila kutoa hela.

Hadi diski nayo niliipima. Diski hujiwekea rekodi ya afya yake yenyewe, na mistari miwili ndiyo ya kutazama kwanza: sekta zilizohamishwa, na sekta zinazosubiri uamuzi. Zote sifuri. Nikabadilisha waya wa data hata hivyo. Nikabadilisha na tundu lake. Nikachomoa printa. Mengine nilibadilisha mawili kwa mpigo, jambo ambalo nikimuona kijana wa kazi analifanya namkaripia.

## Nyekundu

Usiku wa nne nikaweka Memtest86+ kwenye flashi. Ni programu ndogo ya bure isiyohitaji Windows wala Linux. Inaamka yenyewe na kuanza kuandika na kusoma kila chumba cha RAM, mzunguko baada ya mzunguko. Nikaiacha, nikaenda kulala.

Asubuhi nilikuta kioo kimejaa mistari myekundu.

Sijui kama mnaijua furaha ya kuona nyekundu. Nilipiga ngumi hewani peke yangu dukani. Nikachomoa kipande kimoja, nikasugua meno yake kwa raba ya kufutia penseli, nikarudisha. Nyekundu. Nikakihamishia tundu jingine. Nyekundu. Nikaweka kile cha pili peke yake: safi. Mhalifu nimemkamata, kovu lake nimeliona, na picha ninayo. Nilikuwa nimepiga picha ile asubuhi ya kwanza kabla hata ya kugusa kitu.

Na hapa niseme kwa nini kwenye video ilionekana nzima, maana swali hili niliulizwa sana baadaye. RAM yenye kona mbovu inaweza kuwasha kompyuta vizuri tu. Ukifungua mafaili mawili matatu huenda hukufika kwenye ile kona. Usakinishaji ni habari nyingine: flashi inasomwa, mafaili yaliyobanwa yanafumuliwa na prosesa, RAM inajazwa hadi ukingoni, diski inaandikwa, vyote kwa pamoja na bila kupumzika. Boti iliyotulia ufukweni Kibirizi haikuonyeshi inapovuja. Itoe ziwani siku ya upepo.

Siku hiyo sikuwaza kwa upole huo. Niliituma picha Kariakoo, nikafuatisha na sauti. Nitanukuu kipande kimoja tu, kwa aibu: "Umeniuzia maiti, halafu umeivalisha suti ukaipiga video."

Kisha nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la wenye steshenari. Watu 43, kuanzia Kasulu mpaka Tabora na wengine sijui wako wapi. Nikaweka jina la yule bwana, mtaa wa duka lake, ile picha, na maneno mawili: "Jihadharini naye."

Najua kwa nini nilikuwa mkali. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mpaka leo ukitaja huku mtu wa pwani anajibu "mwisho wa reli". Kutoka Kariakoo hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200. Mtu wa Dar akiuziwa kibovu anarudi dukani jioni hiyohiyo, anakiweka mezani, wanatazamana. Mimi siwezi kwenda kumgongea meza mtu. Mnunuzi wa mbali amebakiwa na mdomo, na nilishaumizwa mara mbili huko nyuma kwa kuutumia kidogo.

Yule bwana alijibu kesho yake, kwa maandishi. "Bosi wangu nisamehe. RAM nyingine inapanda basi la kesho." Akatuma na elfu ishirini kwa simu, "ya usumbufu".

Kwenye kundi watu waliniwekea ngumi na moto. Wanane wakasema wameshausambaza ujumbe wangu.

## Furaha ya siku moja

Sikuingoja RAM ya basi. Kipande kizima cha GB 4 kinatosha Linux Mint, nikakiacha peke yake nikaanza upya mchana huohuo, mbele ya mpwa wangu, binti wa dada, aliyekuwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne na kunisaidia dukani. Nilikuwa namweleza ushindi wangu, na mikono nayo inaeleza.

Asilimia 71.

Ikaganda.

Nilichokifanya baada ya hapo ndicho ninachokirudia kichwani kuliko kuganda kwenyewe. Sikujiuliza swali hata moja. Nilisema, kwa sauti, mbele ya mtoto: "Huyu mtu ameniuzia takataka nzima." RAM mbovu imethibitishwa, kwa hiyo madabodi, lile bao linaloshika vyote, nayo ni mbovu, kwa hiyo prosesa nayo. Ushahidi wa kitu kimoja nikaugawa kwa vyote kama sadaka.

Dada yangu ni muuguzi. Anasema mtoto akiletwa na homa, kipimo cha haraka kikionyesha mstari wa malaria, hapo ndipo penye hatari ya kusahau kumhesabia pumzi. Maana malaria ipo kweli, dawa unayo mkononi, foleni ni ndefu. Na nimonia nayo iko palepale kifuani, kimya. Alinieleza hayo miaka mingi iliyopita kwa habari ya watoto, na nilikuwa nimeitikia kichwa kwa adabu.

## Taa

"Mjomba, taa imewaka."

"Taa gani?"

"Hii ya Caps Lock. Nimeibonyeza kitambo, imewaka sasa hivi."

Alikuwa anachezea kibodi kwa kuchoka kunisikiliza.

Nikamwambia abonyeze tena. Akabonyeza. Tukatazama ile taa ndogo ya kijani. Nikahesabu: moja, mbili, tatu... kwenye nane ikazimika.

Kwa asiyejua: kwenye kibodi ya USB, taa ile haiwashwi na kitufe. Kitufe kinatuma habari, mfumo wa uendeshaji unaipokea, unairudishia kibodi amri ya kuwasha. Kompyuta iliyokufa hata uibonyeze mpaka kesho, taa haibadiliki. Hii ilibadilika. Kwa kuchelewa sekunde nane, lakini ilibadilika.

Haikuwa imekufa. Ilikuwa inatambaa.

Nikakaa chini, safari hii kwenye kiti. Tukaiacha bila kuigusa. Baada ya dakika ishirini hivi, mstari ukasogea kutoka 71 hadi 72, na mpwa wangu akapiga makofi kama amefunga goli.

Sasa fikirieni. Siku zote hizo nilikuwa natumia neno moja. Imeganda. Imestaki. Nilimwambia hivyo muuzaji, nikaliambia kundi hivyo, nikajiambia hivyo mwenyewe. Ule usiku wa 62, saa ya kwenye kona ilisimama 23:04 na haikusogea tena. Hiyo ilikuwa kufa. Hii ya sasa ilikuwa kitu kingine kabisa, kimevaa nguo zilezile. Magonjwa mawili, na mimi kwa kuyaita jina moja niliyafanya kuwa moja, na la pili nikaliona ni uthibitisho wa la kwanza.

Ningebonyeza Caps Lock ule usiku wa kwanza ningejua. Sekunde mbili za kazi.

## Miguu minne

Linux ina mlango wa nyuma: Ctrl, Alt na F2 kwa pamoja, kioo kinakuwa cheusi na unapata mahali pa kuandika amri. Kilichukua muda kufika, na nilipoandika, herufi zilitokea moja moja kama mtu anayeandika wosia. Nikaomba kumbukumbu za mfumo. Zikaja, mstari chini ya mstari, Kiingereza kilekile kimejirudia: joto la kiini cha prosesa limepita kiwango, kasi imepunguzwa.

Ndivyo prosesa hizi zilivyotengenezwa. Zikikaribia nyuzi 100 hivi, hujipunguzia mwendo zipoe. Zikizidi sana hujizima zisiungue. Yangu ilikuwa inajizuia kwa nguvu zake zote, ikifanya kazi kidogo na kupumzika sana, na mimi juu yake naisukuma isakinishe.

Mimi nimekulia kwenye nyumba ya mawese. Asubuhi za mwezi wa saba mama alikuwa anatoa dumu ndani anaiweka juani, maana mawese yamelala na baridi yamekuwa uji mzito wa rangi ya chungwa, hayamiminiki. Kuganda kwangu mimi ni kwa baridi, na dawa yake ni jua. Sikuwahi kuwaza kitu kinachoganda kwa joto, ingawa wakati wote kiganja changu kilikuwa juu ya lile boksi na kilikuwa kinaungua.

Nikazima, nikafungua ubavu.

Juu ya prosesa kuna kile kipande cha aluminiamu chenye mapezi, hitisinki, na feni juu yake. Kimeshikwa na miguu minne ya plastiki inayopenya kwenye matundu ya madabodi. Ukiikandamiza inalia *ta* na kujifunga kwa chini. Nikakigusa kwa kidole. Kikacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Miguu mitatu ilikuwa imefunga. Wa nne umesimama nje ya tundu lake.

Ningependa sana kusema ni basi. Mabonde ya barabarani, blanketi lililolegea. Mpwa wangu mwenyewe alinipa huo mlango: "Labda ni safarini, mjomba." Lakini siku ya kwanza, wakati wa kupuliza vumbi, mimi nilikitoa kile kipande. Nilikitoa kwa sababu mapezi yake yalikuwa yameziba. Chini yake nikakuta ile pesti ya kijivu inayounganisha prosesa na aluminiamu imekauka kama udongo wa kisuguu. Nikaifuta yote kwa kitambaa, nikajisifu kwa usafi, na kwa kuwa sikuwa na pesti mpya nikasema nitaweka kesho. Nikarudisha kavu. Nakumbuka nilikandamiza miguu. Sikumbuki kuhesabu.

Pesti iliyokauka ilikuwa mbovu, lakini ilikuwa pale. Kariakoo ilitoka na pesti na miguu minne. Mwanga, mikononi mwangu, ikabaki na miguu mitatu na bila pesti.

Kilichobaki ni kifupi. Pesti nilipata kwa fundi simu wa sokoni, elfu tatu, nikaweka kiasi cha punje ya mchele. Miguu tukaikandamiza, mpwa wangu akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Nikaingia bayosi, ile mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, kwenye ukurasa wa joto: nyuzi 41, na zikakaa hapo. Linux Mint ikaingia kwa dakika 16. Hatukushangilia hata kidogo. Kulikuwa na mteja anataka kopi.

## Kona ya juu kushoto

Hapa ndipo ningefunga makala, kama isingekuwa simu yangu kujaa.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nafuta picha ili simu ipate nafasi. Nikafika kwenye ile picha ya Memtest. Nikaitazama mara ya mwisho kabla ya kuifuta, kwa kiburi kidogo, maana nyekundu bado ilikuwa inanifurahisha. Nikaikuza.

Memtest86+ ya matoleo ya karibuni huonyesha kasi ya prosesa na joto lake, juu kushoto. Namba ndogo, hazina rangi ya kutisha.

96.

Nyuzi 96, kwenye picha niliyopiga mimi, nikamtumia mtu kumshitaki, nikawatumia watu 43 wajihadhari naye. Ushahidi dhidi yake katikati kwa wino mwekundu, ushahidi dhidi yangu kwenye kona kwa wino mweupe, na hakuna hata mmoja kati ya watu 43 wenye steshenari aliyeuona. Au aliyesema.

Sikuifuta.

Kwa muda wa wiki kadhaa nilijitetea vizuri sana. RAM ilikuwa mbovu kweli, hilo halikubadilika. Aliuza kitu chenye kasoro, akakiri, akabadilisha. Kwa hiyo "jihadharini" ilikuwa na msingi. Kisha nikaanza kugawa usiku: ule wa 62 ni wake, maana saa ilisimama. Ule wa 31 je? Wa 88? Sikubonyeza kitu, sikuandika kitu, sikutazama saa. Inaweza kuwa RAM. Inaweza kuwa mimi. Na zile elfu ishirini za usumbufu, ni usumbufu wa nani? Nilizitumia kununua bando.

Kilichoniuma zaidi ni wale wanane. Ujumbe wangu niliweza kuufuta kwenye kundi. Wa kwao uko wapi sasa hivi, sina habari.

## "Niliiona"

Nilipiga siku ya Jumapili, saa ambayo nilitumaini hana wateja.

"Bosi wangu! Habari za Kigoma?"

Nilieleza kila kitu, kuanzia bloa mpaka mguu wa nne. Niliongea haraka, kama mtu anayevuka maji ya baridi. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Ile tisini na sita niliiona," akasema.

"Uliiona?"

"Niliiona siku uliyonitumia. Nilitaka kukuambia fungua hitisinki uangalie. Lakini kaka, ulikuwa umeshasema nimekuuzia maiti. Ningekuambia hivyo, ungesema nini?"

Ningesema anakwepa. Nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka, si sana.

Nimejiuliza kama kweli aliiona, au ni namna yake ya kunipa adhabu ndogo ninayostahili. Nikikumbuka lile jibu lake la kesho yake, fupi, bila neno la kujitetea, nadhani aliiona. Mtu anayejua amekosa nusu na kusingiziwa nusu, akiamua kulipa yote ili kelele ziishe, huandika namna ile.

Elfu ishirini alikataa kurudishiwa. Akasema kama naona vibaya, dagaa wa Kigoma anawajua. Nikapanda Kibirizi kesho yake asubuhi, nikachagua waliokaushwa vizuri wasio na mchanga, kilo tatu, wakaenda kwa basi. Sikuwaviringisha blanketi.

Kundi lilikuwa gumu zaidi. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Mwisho nikatuma picha ileile, nimezungushia duara kwenye kona ya juu kushoto, na chini yake: RAM moja ilikuwa mbovu na muuzaji ameibadilisha kwa gharama yake, joto lilikuwa kosa langu mimi, niliondoa pesti nikarudisha hitisinki vibaya, jina lake nililitaja kwa hasira, naomba waliosambaza ule ujumbe wasambaze na huu.

Watu 31 waliusoma siku hiyo. Mmoja akaweka dole. Wa kutoka Tabora akauliza kama ile RAM mbovu bado ninayo, anataka kujaribu kama kwake itakubali.